Jibu kwa mwalimu wa Iyunga: stesheni iliyofurika ibomolewe au irekebishwe?

Swali: Shikamoo mzee wangu. Nafundisha sekondari huku Iyunga, Mbeya, si mbali na stesheni ya TAZARA. Kidato cha tano wana mdahalo mwezi huu: stesheni kubwa iliyofurika ibomolewe ijengwe upya, au irekebishwe hivyo hivyo ilivyo? Tumechagua mfano wa Penn Station ya New York kwa sababu kaka yangu anakaa Newark na anapita pale kila siku akienda kazini. Anasema ni kama soko la Mwanjelwa mkesha wa Krismasi, ila chini ya ardhi. Nchi tajiri vile wamebishana zaidi ya miaka thelathini, wanashindwa nini? Na sisi tuna la kujifunza, maana tunaambiwa reli yetu inafufuliwa?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Mada yenu ni nzuri, ila itabidi niiharibu kidogo. "Ibomolewe au irekebishwe" ni swali la mahali penye jengo. Jengo la Penn Station lilishabomolewa zamani, na ugomvi wote ulianzia hapo.

Lilikuwa jengo la mwaka 1910, mali ya kampuni ya Pennsylvania Railroad, limekalia eneo la mitaa miwili mizima ya Manhattan. Nje nguzo za mawe, ndani ukumbi wa kusubiria uliochorwa kwa kuiga mabafu ya kale ya Roma. Baada ya Vita Kuu ya Pili watu walihamia kwenye magari na ndege, kampuni ikaanza kula hasara, ikafanya anachofanya mwenye shamba akibanwa na madeni: ikauza. Haikuuza reli. Iliuza hewa iliyo juu ya reli, yaani haki ya kujenga pale juu. Oktoba 1963 nyundo zilianza kulia, na mwaka 1968 ukafunguliwa uwanja wa michezo na matamasha wa Madison Square Garden, wa watu kama 20,000, umeikalia stesheni kichwani. Muda wote huo treni ziliendelea kupita chini. Uchungu wa kubomolewa kwa jengo lile ulichangia jiji kutunga sheria ya kulinda majengo ya kihistoria mwaka 1965, lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

Kilichobaki ni sehemu ya chini: njia 21, majukwaa 11, na wenye treni watatu wanaogombania nafasi, yaani Amtrak wa safari ndefu, NJ Transit wa New Jersey, na Long Island Rail Road wa upande wa mashariki. Kabla ya korona hesabu iliyozoeleka kutajwa ilikuwa watu zaidi ya 600,000 kwa siku. Sensa ya 2022 iliwakuta watu wasiofika 550,000 katika Jiji la Mbeya. Waambie wanafunzi wafikirie Uyole, Iyunga, Soweto, Sokomatola na kwingine kote, wazee na watoto mgongoni, wote wapite kwenye ghorofa moja la chini ya ardhi kati ya asubuhi na usiku.

Sasa mfuate kaka yako. (Newark nako kuna Penn Station yake, wanafunzi wasije wakachanganya.) Treni yake inapita chini ya mto Hudson, inasimama kwenye jukwaa jembamba. Milango inafunguka, watu wanamwagika kwa pamoja, na mbele yao ziko nguzo. Nyingine ni za tangu 1910, nyingine zilishushwa katikati ya majukwaa miaka ya 1960 ili zibebe uwanja ule. Anapita ubavuubavu kati ya nguzo na behewa, anafika kwenye ngazi nyembamba, na pale anaganda. Kule juu mamia ya watu wanataka kushuka. Walikuwa wamesimama ukumbini wamekodolea macho ubao, kwa sababu namba ya njia hutangazwa dakika chache tu kabla treni haijaondoka. Namba ikitokea, wote wanakimbilia ngazi ileile. Umeshaona stendi basi la Dar likisogea, mpiga debe akapaza sauti, na watu wakajaa mlangoni kabla wa ndani hawajashuka? Ni hivyohivyo, ila wanafanya hivyo kila baada ya dakika chache kuanzia alfajiri.

Hapa ndipo ningewaomba wanafunzi wako watumie muda wao mwingi, na watumie kalamu. Sisi wa upande wa uendeshaji tunapopanga ngazi, tunakadiria kwamba kila mita moja ya upana inapitisha watu 30 hadi 35 kwa dakika bila kukanyagana. Chukua treni inayoshusha watu 1,000. Kama jukwaa lina ngazi nne za mita moja na nusu, jumla ni mita sita. Kwa watu 35 kila mita, ni watu 210 kwa dakika. Jukwaa litakuwa jeupe baada ya karibu dakika tano, tena kama hakuna hata mmoja anayeshuka kutoka juu. Sasa rudi kwenye mto Hudson. Kuna mahandaki mawili tu, kila moja na njia yake, yale yale ya 1910, na wakati wa asubuhi wanapitisha treni hadi 24 kwa saa kwa upande mmoja. Yaani kila dakika mbili na nusu kuna treni nyingine inayopiga hodi. Inatafuta jukwaa ambalo wa kabla yao wamekwisha kulihama.

Kwa hiyo mtu akikuletea mchoro wa stesheni mpya una paa la kioo na miti ndani, muulize swali moja tu: aliyeshuka kwenye behewa la katikati atafika barabarani baada ya dakika ngapi? Akianza kukueleza rangi ya marumaru, funga daftari.

Nina sababu ya kuwa mkali kwenye hili. Kuna stesheni niliyowahi kufanya kazi, sitaitaja. Ilikuwa na mageti mawili ya kutokea. Moja halikufunguliwa hata siku moja kwa sababu mkagua tiketi alikuwa mmoja, na funguo za la pili alikuwa nazo mtu aliyelala nyumbani kwake. Treni ikiingia saa nane usiku, watu wote na viroba vyao vya mchele wa Kyela, mikungu ya ndizi, matenga ya kuku, watoto wamelala mabegani, walibanana kwenye geti la upana wa mlango wa darasa. Wapagazi walimaliza kupakua vifurushi vyote abiria wa mwisho bado hajatoka. Malalamiko yalipofika juu, jibu lilikuwa kupanua chumba cha kusubiria. Kikapanuliwa kweli, kikapakwa rangi ya maziwa, tukaletewa na viti. Geti la pili likabaki na kufuli lake. Nilipokuja kusoma habari za Penn Station miaka mingi baadaye nilicheka peke yangu.

Maana nao walifanya kitu kinachofanana, ingawa kwa fedha nyingi na kwa ustadi zaidi. Seneta Daniel Patrick Moynihan alianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kupigania jengo la posta kuu lililo ng'ambo ya barabara ligeuzwe ukumbi wa treni. Likaja kufunguliwa Januari 1, 2021, kwa takribani dola bilioni 1.6, na limepewa jina lake. Ni zuri. Mwanga unaingia mpaka sakafuni. Lakini chini yake njia ni zilezile na majukwaa ni yaleyale. Tusiwaonee: limeongeza ngazi na ngazi za umeme upande wa magharibi wa majukwaa, na hilo ndilo la maana kuliko paa lake. Cha kuchekesha ni kwamba wamejenga ukumbi mkubwa kiasi kile wakasahau mabenchi, msafiri asiye na tiketi ya kuingia vyumba vya kusubiria anakaa sakafuni. Upande wa Long Island nao walipanua ujia wao mkuu hadi mita 17 hivi na kuinua dari lake, na kila anayepita hapo ananeemeka. Uingereza, Birmingham New Street ilifunguliwa upya mwaka 2015 kwa mtindo huohuo: juu ukumbi unang'aa, chini majukwaa yenye kiza kama zamani.

Umeniuliza wanashindwa nini. Kwanza, wanabishana mambo matatu tofauti kwa jina moja. Yupo anayesema "tujenge upya Penn Station" akimaanisha mwanga na heshima ya mji. Yupo anayetumia maneno hayohayo akimaanisha ngazi na majukwaa. Wa tatu anamaanisha treni nyingi zaidi. Kila mmoja anamshangaa mwenzake haelewi. Mdahalo wenu nao utakwama hapo hapo kama hamtakubaliana mapema mnazungumzia lipi.

Wa kwanza, wapenda mwanga, wanataka uwanja uondoke. Uwanja una mwenyewe, kampuni binafsi, hauko tayari kuhama bure, na jiji linaushika kwa kibali tu. Kibali cha 1963 kilikuwa cha miaka 50. Kilipoisha 2013 wakapewa miaka 10, kilipoisha 2023 wakapewa mitano. Unaona wanavyobana? Lakini kibali kikiisha bado hujapata fedha za kuuhamisha wala kiwanja cha kuuweka. Na nguzo nazo haziyeyuki. Ukiondoa uwanja lazima uamue nani anabeba nini kabla hujang'oa hata moja, huku treni zinapita. Mimi nasema uwanja uhame, ila si kwa haraka ya kuvunja vitu vingine. Ulikosewa tangu siku ulipowekwa.

Wa pili, wa ngazi na majukwaa, nimeshawasemea hapo juu. Wa tatu, wa treni nyingi, kidogo wana hoja nzito kuliko wote, na kidogo wamepata wanachotaka. Kimbunga Sandy cha 2012 kilijaza maji ya chumvi kwenye mahandaki ya Hudson, na chumvi ile inaendelea kula zege na nyaya. Tangu 2023 ujenzi wa handaki jipya umeanza, mradi wa dola bilioni 16. Likiisha, la zamani litafungwa kwa zamu litibiwe. Ndipo linakuja swali: treni za ziada zikifika zikae wapi? Wenye reli walitaka kula mtaa mzima upande wa kusini, kuna kanisa na nyumba za watu, wachimbe majukwaa mapya. Wapinzani wao wakasema: hapana, acheni kugeuza treni humo ndani.

Hilo la kugeuza ndilo linalonipendeza, na wanafunzi wa Mbeya watalielewa haraka kuliko watu wa New York. Chukua daladala inayotoka Uyole kwenda Mbalizi. Inapita Mafiati, inashusha, inapakia, imeondoka. Sasa chukua ile inayoishia Kabwe. Inashusha, inageuza, dereva anashuka kunywa chai, kondakta anasubiri ijae. Kituo kile kile, upana ule ule, lakini ya pili imekalia nafasi ambayo ya kwanza zingepita tano. Treni nayo ikiishia stesheni, dereva ahamie mwisho wa pili, breki zipimwe, muda uende. Ikipita moja kwa moja, New Jersey mpaka Long Island, inasimama muda wa kushusha na kupakia tu. Ajabu ni kwamba nyingi za NJ Transit tayari zinaendelea mbele baada ya kushusha, zikiwa tupu, mpaka yadi ya Sunnyside kule Queens kwenda kulala mchana kutwa. Gari linakwenda upande huohuo na kiti kiko wazi, abiria tu ndiye hayumo!

Basi kwa nini abiria wasipitishwe moja kwa moja? Treni za Long Island zinakula umeme kutoka reli ya tatu iliyo pembeni chini, za New Jersey kutoka waya wa juu. Nauli tofauti, mikataba ya wafanyakazi tofauti, na njia namba 1 hadi 4 zinaishia ukutani. Mwaka 2024 wenye treni wenyewe walitoa uchambuzi wao kwamba kupitisha moja kwa moja bila kupanua eneo hakutatosha kwa treni wanazotaka. Watetezi wakasema uchambuzi umepigwa na mtu anayetaka jibu hilo. Sisi hatuna haki ya kuwacheka kwa umeme wao. Reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067, ya kati ya zamani 1,000, na SGR 1,435. Kule Kidatu, ambako TAZARA na tawi la reli ya kati vinakutana, mzigo unainuliwa behewa hili kwenda lile kama mtu anayebadilisha ndoo kichwani.

Mtu wa kundi la kupitisha akikosa mfano, mpe wa Stuttgart, Ujerumani, ila mpe na uchungu wake. Waliamua kuzika stesheni yao ya mwisho wa njia yenye njia 16 na kuweka chini ya ardhi njia 8 za kupita. Mwaka 2010 watu walijaa barabarani kupinga, 2011 wakapiga kura ya maoni ya jimbo, waliotaka mradi uendelee wakashinda. Ilikuwa ifunguliwe 2019. Tarehe imesogezwa mara kadhaa na gharama zimevuka euro bilioni 11. Kupitisha moja kwa moja ni wazo zuri. Kulitekeleza chini ya mji ulio hai ni kama kumfanyia mtu upasuaji huku anatembea kwenda sokoni.

Pili, na hapa nitakuwa mfupi, hakuna mwenye nyumba. Amtrak ndiye mmiliki, lakini abiria wengi ni wa wale wawili wengine. Uwanja wa kampuni binafsi, kibali cha jiji, fedha nyingi za serikali kuu. Gavana mmoja alipendekeza yajengwe majengo marefu kumi kuzunguka stesheni ili kodi zake zilipe ukarabati. Korona ikaja, ofisi zikakosa wapangaji, gavana aliyefuata akatenganisha majengo na stesheni. Aprili 2025 serikali kuu ikauchukua mradi kutoka mikononi mwa mamlaka ya usafiri ya New York, baadaye Andy Byford, aliyewahi kusimamia treni za chini ya ardhi za jiji hilo, akawekwa kuuongoza. Mafahali wawili hawakai zizi moja, sembuse watano. Reli yetu ina wenye wawili tu, Tanzania na Zambia, nusu kwa nusu, na hao wawili tu wakitaka kukubaliana jambo vikao ni vingi.

Basi turudi nyumbani. Septemba 2025 nchi hizi mbili zilisaini mkataba na kampuni ya China, CCECC, wa dola bilioni 1.4 wa kufufua reli ile ya kilomita 1,860. Usitegemee Iyunga ifurike kama New York. Jengo walilotuachia Wachina miaka ya 1970 ni kubwa kuliko abiria wake, na treni ya abiria haiji kila siku. Reli ni ya njia moja, na mkataba huu unatazama mzigo wa shaba. Treni ya mzigo na ya abiria zikikutana, moja lazima ijifiche kwenye njia ya kupishania, na nimekaa kwenye vituo vile vya kusubiri vya kutosha kujua ni ipi hujificha.

Mimi ninachokiogopa Iyunga ni nje ya jengo. Barabara kuu inapanuliwa kuwa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi. Viwanja kando ya barabara ya namna hiyo hupanda bei siku hiyohiyo, na eneo la reli lenye nyasi linaonekana kama pori lisilo na mwenyewe. Leo fremu tatu za duka, kesho gereji, keshokutwa mtu ana hati. Pennsylvania Railroad iliuza hewa tu, na wajukuu wao bado wanapita ubavuubavu kati ya nguzo. Paachwe nafasi ya jukwaa la pili, ya daladala kugeuzia, ya bajaji kusimama bila kuziba geti. Haihitaji dola hata moja leo, inahitaji mabango na mtu wa ardhi asiyenunulika.

Na daladala zenyewe zijue treni inaingia saa ngapi. Iringa wana stendi kubwa ya mabasi Igumbilo, chini kule, na mji uko juu mlimani. Aliyeshuka pale usiku na mzigo anajua safari yake haijaisha mpaka apate wa kumpandisha kutoka Ipogolo. Stesheni ya Makambako ni muhimu zaidi kwa maoni yangu, maana anayeshuka pale anakwenda Njombe au Songea na ana basi la kuwahi. Hapo ndipo dakika kumi za geti zinamgeuza mtu kuwa mgeni wa gesti.

Kwa mdahalo, nakushauri uwapeleke vijana stesheni siku ya treni. Wagawane: wawili kwenye kila mlango wa behewa la katikati, wawili getini, mmoja barabarani penye daladala, wote na saa za simu zilizolinganishwa. Wamchague abiria mmoja mwenye mzigo mzito, wamfuate kwa macho bila kumsumbua, waandike dakika. Muombe stesheni masta ruhusa kabla, na wasisogee ukingoni mwa jukwaa. Treni ikichelewa, na itachelewa, wasirudi shule. Wahesabu waliokuja kusindikiza, waone wamekaa wapi, na waangalie kama geti la pili lina kufuli.